Usiku Tulipozima Nyumba Nzima Tuisikie Redio

Friji ndiyo iliyoshtakiwa kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa amewasili Sydney siku ile ile kutoka Wete, Pemba, na kabla hajagusa mabegi makubwa alifungua lile alilolipakata safari nzima, akatoa redio yake iliyoviringwa kwenye kanga, akaitua juu ya meza ya jikoni na kuiwasha. Ikanguruma. Akaizungusha toka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, masafa ya kati yote, kisha masafa mafupi, na kote ukawa mngurumo ule ule mzito, na ndani yake, mbali sana, mtu anasema asisikike anasema nini.

"Redio hii haijapatapo kunguruma hivi," alisema. "Humu ndani mna kitu." Friji nayo ikaanza kuvuma wakati huo huo. Akaigeukia.

Tukaichomoa friji. Mngurumo haukupungua hata chembe.

Mke wangu akamwambia, kwa upole wa mtu aliyemkosa mamake miaka mingi, kwamba siku hizi redio iko kwenye simu. Kijana wetu akamtafutia bibi yake kituo cha Zanzibar, kikatoka safi, bila mkwaruzo, kana kwamba mtangazaji yuko sebuleni. Bibi akafurahi, akamwombea dua mjukuu. Alfajiri ya pili akaamka kuswali, nyumba yote imelala, simu imejifunga, na ile namba ya kuifungulia haijui. Akakaa kimya mpaka watu walipoamka. Kisha akatamka neno ambalo hakulirudisha tena: "Redio ya kufunguliwa na mtu si redio yangu. Mimi nikitaka kusikia nisikie, si nikamgongee mtoto mlango."

Ili umwelewe, lazima ujue redio ilikuwa nini kwake. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, mtaa aliofia, watoto na jamaa waliopo Dar es Salaam, Mombasa, Maskati wanaarifiwa, maziko saa ngapi na wapi. Mama alikuwa hapitishi tangazo. Kwa redio ile alijua ni nani wa kumpa mkono wa pole kabla habari haijatembea kwa miguu. Na usiku, kazi zikiisha, alikuwa akisukuma mshale polepole, Dar es Salaam ikaingia, Sauti ya Kenya ikaingia, halafu Waarabu, halafu watu asiowajua lugha yao. Maji ya chumvi ya baharini huyapitisha vizuri mawimbi ya masafa ya kati, kwa hiyo kisiwani redio ndogo ilifika mbali kuliko redio kubwa ya mtu wa bara. Kwa mwanamke ambaye hakuwa na pasi ya kusafiria hadi uzeeni, ule mshale ulikuwa safari yenyewe.

Aliyetukwamua ni jirani yetu wa upande wa kushoto, mzee wa Kimalta, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Mtaa wetu uko Blacktown, magharibi ya Sydney, ambako kila ua una lugha yake. Yeye na mama hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini aliposikia ule mngurumo kupitia dirishani alikuja mwenyewe. Miaka ya sabini na themanini aliendesha usiku kucha kati ya Sydney na Melbourne, na AM, redio ya masafa ya kati, ndiyo iliyomweka macho. Alikuwa akijua amefika wapi kwa kituo kinachofifia na kinachoingia. Akaisikiliza redio ya mama kwa dakika moja, akatikisa kichwa, akasema redio ni nzima. Kinachopiga kelele ni nyumba.

Akaenda kwake kuleta redio yake ndogo ya mkononi, akaiweka mahali pasipo na kituo, akaanza kutembea nayo chumba hadi chumba akiisogeza karibu na kila soketi. Kijana akimfuata na daftari. Chaja ya kompyuta: ikapiga yowe. Kisanduku cha intaneti: yowe. Taa za dari ya jikoni, zile ndogo za LED tulizoziweka ili tupunguze bili: yowe la kutisha. Televisheni iliyozimwa, inayosubiri tu rimoti, nayo ilikuwa na sauti yake. Friji ilikuwa karibu isiyo na hatia.

Sababu ni hii. Adapta za zamani zilikuwa na chuma na waya wa shaba ndani, nzito, zinapata joto, lakini kimya. Adapta za leo ni nyepesi kwa sababu huukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, nyingine zaidi ya laki, na kila mkato hutupa vipande vya mawimbi juu yake. Vipande hivyo huangukia humo humo kwenye masafa ya kati, kati ya kilohezi 526 na 1606, ambako Australia iliweka vituo vyake vya AM. FM iko juu sana, na isitoshe haibebi sauti kwa ukubwa wa wimbi, kwa hiyo kelele hizi hazimsumbui msikilizaji wake. AM hubeba sauti kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na kila cheche ya nyumba yako huhesabiwa kuwa sehemu ya matangazo.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini jambo ambalo bado ninaliamini: AM haikuanza kufa kwenye minara. Ilianza kufa majumbani mwetu, soketi kwa soketi, na sisi tukadhani vituo vimedhoofika.

Hata paa letu lina sehemu yake. Tuna paneli za sola, na inveta iliyo ukutani nje hunguruma mchana kutwa kwenye redio. Jua likizama nayo hulala. Mzee wa Kimalta alilifurahia hilo kwa sababu ndiyo saa ileile mbingu inapofunguka. Mchana, jua hujenga juu yetu, kiasi cha kilomita 60 hadi 90 kwenda juu, tabaka la hewa yenye umeme linalomeza mawimbi ya AM yanayopanda. Usiku tabaka hilo hutoweka, mawimbi yakapita hadi kwenye matabaka ya juu zaidi, yakagonga huko na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia, mengine maelfu. Mwingereza Edward Appleton alilithibitisha hilo mwaka 1924 akitumia matangazo ya BBC kutoka Bournemouth, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Mama hakuwa na haja ya Nobel. "Sisi tukijua tangu zamani," alisema. "Redio husema usiku."

Basi ikaamuliwa tuzime nyumba. Ulikuwa usiku wa Januari, joto la kushika ngozi. Kijana alipita akichomoa kila plagi aliyoiona, kwa bidii ya mtoto aliyepewa ruhusa ya kuharibu, kisha mimi nikashusha swichi kuu. Nyumba ikawa giza. Mama akawasha redio yake ya betri.

Mngurumo haukuwepo. Kulikuwa na ule mvumo mwepesi wa mbinguni, na vituo vimejipanga. Mzee alivitaja kabla watangazaji hawajajitaja: 774 ni Melbourne, kilomita mia saba kutoka hapa, 612 ni Brisbane, 594 ni Horsham, mji wa mashamba ya ngano huko Victoria magharibi. Wellington ya New Zealand iko 567 na hatukuipata, kwa sababu Sydney yenyewe ina mtambo wa kilowati 50 kwenye 576, hapo Prestons karibu na Liverpool, na kwa nyumba iliyo jirani nao hivi, huyo mkubwa huwafunika walio pembeni yake. Lakini juu zaidi kwenye mstari tulikuta watu wa New Zealand wakibishana kuhusu raga, zaidi ya kilomita 2,000 ng'ambo ya Bahari ya Tasman, sauti ikivimba na kunywea kila dakika chache. Mama alishika mkono wa redio akiigeuza kidogo kidogo, mashariki, kaskazini, mashariki tena. Hakuna aliyemfundisha. Ndani ya redio ya AM mna kijiti cha ferati chenye waya, na kijiti hicho kina upande kinaosikia na upande kisiosikia. Alimgeuzia mgongo mtu wa Sydney, mtu wa mbali akainuka.

Tulikaa hivyo hadi usiku mkubwa. Kisha nikapandisha swichi, tukalala.

Plagi moja haikurudi ukutani. Ilikuwa ya friza ya gereji, na humo ndani mlikuwa na pweza, nguru mzima aliyekatwa vipande, changu, na nazi iliyokunwa ya kutosha mwezi, vitu ambavyo mke wangu alivihangaikia soko la samaki kwa ajili ya wageni wa mwisho wa mwezi. Adhuhuri ya kesho yake gereji ilikuwa na ziwa. Samaki alikuwa bado baridi katikati, si zaidi ya hapo. Mke wangu alisimama mlangoni, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamtazama mama yake, asijue aanze na nani. Mama ndiye aliyekata shauri. "Haitoki humu nyumbani ikatupwa," alisema. "Washeni majiko. Waiteni watu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya karamu ambayo haikupangwa. Pweza wa nazi kwenye sufuria mbili, nguru wa kupaka juu ya mkaa uani, changu wa kukaanga, wali, ndimu, pilipili. Simu zikapigwa. Wakaja Wakongo wa mtaa wa nyuma, familia ya Warundi, Wakenya wawili watatu, na mzee wa Kimalta na mkewe wakiwa na mikate. Kila aliyeingia aliuliza kuna nini, akaelezwa habari za redio, na kila aliyeelezwa akatoa yake.

Mzee mmoja wa Uvira alisema kwao, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyowafundisha Kiswahili cha habari, na mamake aliacha chochote mkononi ikifika taarifa ya saa mbili usiku. Mama mmoja wa Nakuru alitaja "Je, Huu ni Ungwana?" ya Leonard Mambo Mbotela, kipindi kilichoanza mwaka 1966 na kuwalea Wakenya vizazi kwa vizazi, halafu akakumbuka asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, sauti hiyo hiyo ya Mbotela ilipolazimishwa na askari waasi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, na baba yake akafunga milango akaipunguza redio hadi ikawa mnong'ono. Mtu mwingine akaleta "Mama na Mwana" wa Radio Tanzania, na watu wazima wenye ndevu wakaanza kubishana hadithi ipi iliwatia hofu zaidi. Pweza aliliwa akaisha. Sijui karamu nyingine hapa Sydney ambayo Wakongo, Wakenya na Wapemba walizungumza kwa saa nyingi juu ya kitu kimoja, na wote wakawa wanakijua.

Hapo pia ndipo nilipoambiwa habari za mji huu wenyewe. Kituo cha kwanza cha redio chenye leseni nchini Australia kilianza hapa hapa Sydney, 2SB, mwezi Novemba 1923, baadaye kikaitwa 2BL, na leo ndicho kituo cha Sydney, 702, cha ABC, shirika la utangazaji la taifa. Blacktown nayo ilikuwa na chake: 2WS, kilichoanza mwaka 1978 pale Seven Hills kwa ajili ya watu wa magharibi ambao wenye mji walikuwa hawawahesabu. Kilikuwa AM, 1224. Mwaka 1993 kikahamia FM. Kituo cha vijana, 2JJ, kilianza AM mwaka 1975, kikahamia FM mwaka 1980. Mwaka huo huo wa 1975 ilianza 2EA, redio ya lugha za wahamiaji iliyozaa SBS, ambayo leo ina idhaa ya Kiswahili. Mwaka 2009 ikaja redio ya dijitali. Na tarehe 31 Januari 2017 ABC ilizima masafa mafupi, ya Radio Australia kwa watu wa Pasifiki na yale ya ndani kwa watu wa Northern Territory. Wafugaji, wavuvi na watu wa visiwani walilalamika, lakini mitambo ikazimwa.

Sina ugomvi na FM wala dijitali. Muziki ni mzuri zaidi huko. Lakini mawimbi hayo husafiri hadi pale jicho linapoweza kuona, au karibu na hapo. Siku tulipompeleka mama kuona Blue Mountains, redio ya dijitali ya gari ilikatika kabla hatujamaliza kupanda, FM za Sydney zikafuata, na 702 ikabaki nasi. Mnara mmoja wa kilowati 50 huhudumia nchi ambayo ingehitaji minara midogo isiyo na idadi. Katika moto wa kiangazi cha 2019 na 2020, umeme ulipokatika na minara ya simu ikanyamaza wilaya baada ya wilaya, watu wa pwani ya kusini walikaa kwenye magari yao wakisikiliza ABC kujua barabara ipi bado iko wazi. Hilo peke yake lilitosha kuifanya serikali yoyote ifikiri kabla ya kubomoa mnara.

Baada ya karamu mama alitaka antena. Alisema redio ya kushika mkononi ni ya wagonjwa. Mzee wa Kimalta akaleta waya mrefu, akaufunga upande mmoja karibu na redio kwenye kizingiti cha dirisha, ukizungushwa mara kadhaa kulizunguka gamba lake, na upande wa pili ukapelekwa kwenye mwanzi wa juu wa ile anikio ya chuma inayozunguka, inayosimama katikati ya ua wa karibu kila nyumba ya zamani ya Australia. Ilikuwa mchana wa joto kali, kanga za mama na mashuka yameanikwa. Watu wa Sydney wanajua kinachofuata mchana wa namna hiyo. Upepo wa kusini huja ghafla, joto likashuka kwa dakika, na chochote kisichofungwa huondoka. Ulipofika, anikio ikaanza kuzunguka na mashuka yakawa matanga. Ikaukunja waya, ikauvuta, na redio ya Wete ikaruka kutoka dirishani, ikapita juu ya vyungu vya mrehani, ikatua ndani ya ndoo ya maji ya kufulia.

Mama hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliitoa, akatoa betri, akaifuta kwa upande wa kanga, akampa mzee juu ya ua. Mzee alikaa nayo kwa siku kadhaa. Aliifungua, akaikausha, akaiungia waya uliokatika kwenye kile kijiti, akakiunganisha kijiti chenyewe kilichopasuka, akaufunga mfuniko kwa utepe mweusi. Iliporudi ilikuwa ikisikia vizuri upande wa juu wa mstari kuliko wa chini. Mama akasema ni sawa, naye mwenyewe sikio lake la kushoto liko hivyo hivyo.

Tangu hapo nyumba ina utaratibu. Ikiisha swala ya Isha, kijana anapita kuchomoa chaja. Taa za jikoni zimebadilishwa. Mke wangu alikubali baada ya kwenda dukani na redio na kuzijaribu mbele ya mwuzaji moja moja. Kisanduku cha intaneti kimepata adapta nzito ya kizamani kutoka kwenye sanduku la mzee. Nilijaribu pia, alfajiri baada ya alfajiri, kumkamatia mama Zanzibar yenyewe kwenye masafa mafupi, 11735, mtambo wa Dole ambao wapenzi wa redio duniani kote waliufukuzia kwa miaka. Sikuwahi kuupata. Yeye amejichagulia kipindi cha usiku cha ABC, ambacho watu hupiga simu kutoka kila pembe. Kiingereza chake ni kidogo, lakini anasubiri majina: Bourke, Cobar, Longreach. Mjukuu humwonyesha kwenye ramani ukutani, na bibi huuliza kama kuna bahari.

Juzi mngurumo mpya ukaanza, kila usiku kuanzia saa tatu. Haukuwa wetu. Mzee wa Kimalta alitembea nao hadi nyumba ya upande wa pili wa barabara, ambako kijana mmoja amenunua gari la umeme na kufunga chaja gerejini. Mama akakaanga visheti, akajifunga kanga mpya, akamchukua mjukuu wa kumtafsiria, akaenda kubisha hodi. Yule kijana aliwasikiliza kwa adabu sana. Alikubali kuliwekea gari saa, lianze kuchaji saa sita usiku. Kisha, visheti vikiwa mdomoni, akauliza hivyo vituo vya usiku viko wapi, naye avitafute garini akisafiri. Kijana wetu akaingia upande wa dereva na kupekua ile skrini kubwa. FM ilikuwemo, dijitali ilikuwemo, AM haikuwekwa. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya umeme wameiondoa kabisa, kwa sababu mota za magari hayo huifunika kwa kelele.

"Mwambie," mama alisema, "aje kwetu Jumamosi baada ya Isha. Na simu aiache kwake."